Kopo la Bibi wa Mashine

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizopewa na darasa la jioni, kwamba mashine ya kusaga ya Bibi wa Mashine ilikuwa inapakwa mafuta ya kiboko. Tena si kiboko yeyote wa hadithini. Ni kiboko wa Ziwa Jipe, mwenye makazi yake kwenye matete, ambaye kila mwaka wavuvi humwendea kwa adabu, naye husimama wima akakwanguliwa mafuta ya mgongoni kama vile mama anavyokwangua ukoko wa sufuria. Akimaliza kukwanguliwa anarudi majini, hana kinyongo na mtu.

Usinicheke bado. Hoja yenyewe ilikuwa na miguu. Kiboko anashinda kwenye tope, anajisugua na kila gogo na kila jiwe, na nikuulize, umewahi kumwona kiboko aliyechubuka? Hujamwona. Basi mafuta yanayolinda ngozi kama ile, yakiingia kwenye chuma, chuma kitachakaa lini? Hivyo ndivyo alivyotueleza Nakijwa, mwuza tangawizi, mama mwenye siri nyingi na sauti inayosikika hadi Makanya. Na ushahidi ulikuwepo, unaning'inia mbele ya macho yetu: kopo la bati, zamani lilikuwa la maziwa ya unga, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda la mashine. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mtu akilisogelea, Bibi hakupiga kelele. Alimtazama tu, na yule mtu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyingine mjini.

Banda lenyewe lilikuwa pale barabara ya kupanda milimani inapoachana na tambarare, si mbali na Same mjini. Wa milimani walishuka na mahindi yao vichwani, wa tambarare walikuja na yao kwenye baiskeli na punda, wote wakakutana kwa Bibi wakiwa weusi, wakaondoka wakiwa weupe wa unga kuanzia kope hadi kandambili. Mimi nilikuwa mbeba magunia hapo. Mchana nabeba, jioni napanda baiskeli kwenda kusoma na watu wazima wenzangu, na nilibeba magunia mengi kiasi kwamba nadhani shingo yangu ilikuwa ndefu kama ya twiga kabla sijaanza kazi ile.

Bibi alivaa koti la bluu la kiwandani juu ya khanga, na kilemba ambacho rangi yake hakuna aliyeijua kwa sababu ya unga. Mikono yake ilikuwa ya namna yake. Kiganja cheupe, ncha za vidole nyeusi kwa grisi, na havikuchanganyika kamwe. Ungeweza kula ugali wa unga alioupitisha kwenye mikono ile mwaka mzima usikute hata alama.

Ukifika, unamwamkia:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Simama mbali na mkanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Mchungaji alipewa hiyo hiyo. Diwani alikuja kuomba kura akapewa hiyo hiyo, na alipochelewa kusogea aliongezewa: "Huu mkanda haujui kwamba wewe ni diwani."

Maana hilo nalo lazima niliseme mapema: mwanamke aliyekuwa mwingi wa mafuta kwa mashine, ulimi wake haukuwahi kupakwa hata tone. Maneno yake yalitoka makavu yakakukwaruza. Mteja akileta mahindi mabichi anaambiwa, "Haya nenda kayapikie watoto, hapa tunasaga, hatukamui." Mimi siku niliyomletea habari kwamba nimefaulu mtihani wa kidato cha pili, alinitazama juu hadi chini akasema, "Vizuri. Sasa gunia litajua?" Halafu akaingia ndani, akatoka na sahani ya makande imejaa mpaka maharage yanadondoka, akaiweka mbele yangu.

Makande yale nayo ni kesi. Mahindi, maharage, chumvi, basi. Hakuna kitunguu kilichokaangwa, hakuna tui, hakuna tone la mafuta. Nakijwa alimwuliza siku moja, "Bibi, mashine unailisha mafuta na wewe mwenyewe unakula makavu?"

"Mimi nina mate," Bibi akajibu. "Mashine inayo?"

Na mlango wa nyumba yake! Mlango ule ulilia kwa namna ambayo mbwa wa milimani walijibu. Ukiufungua ulitoa sauti ya mbuzi anayefiwa. Mimi, kwa kujipendekeza, nilichukua kitambaa chenye oili niende nikazipake bawaba. Alinikamata njiani.

"Wapi wewe?"

"Mlango wako, Bibi. Unalia sana."

"Nani kakuambia nataka unyamaze? Mlango ukinyamaza, nani ataniambia mgeni kaja? Rudi. Si kila kinachosuguana kina ugonjwa."

Hapo nilijifunza kitu ambacho mwalimu wa jioni alinithibitishia baadaye kwa chaki: kwamba msuguano si adui. Bila msuguano kiberiti hakiwaki, breki hazishiki, na wewe mwenyewe ungeteremka kutoka Suji, kule juu milimani, kwa makalio. Mkanda wa mashine unavuta kinu kwa sababu unakishika. Kwa hiyo Bibi aligawa mafuta kama mama anavyogawa nyama: huyu anapata, yule hapati, na hakuna kulalamika. Beringi zinapata. Injini inapata. Mkanda haupati hata harufu.

Sasa nikueleze alivyopiga grisi, maana hapo ndipo alipokuwa yeye kamili.

Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alichukua kitambaa safi akafuta kile kichuchu ambacho grisi huingilia kwenye beringi. Alikifuta kama pua ya mjukuu. Vumbi la Same unalijua? Kama hulijui, shukuru. Vumbi letu ukilikohoa unaweza kufyatulia tofali. Bibi alisema vumbi likiingia na grisi, umeipaka mashine msasa, na kuliko kuipaka msasa ni heri uiache ikae na njaa. Akishafuta, anaweka mdomo wa pampu, anaminya kidogo, anasikiliza, anaminya tena kidogo, anaacha. Ile grisi chakavu iliyochungulia pembeni anaifuta pia. Halafu anachukua kijiti cha mti mkavu, ncha moja anaigusisha kwenye chuma, ya pili anaiuma kwa meno, anafumba macho.

Ndiyo, kwa meno. Watu wapya walidhani anaitambikia. Alikuwa anasikiliza. Banda lile lilikuwa na kelele kiasi kwamba ungemwita mtu aliye kando yako kwa barua, lakini mtikisiko wa beringi ulipanda kwenye kijiti, ukapita kwenye meno, ukaingia kichwani mwake bila kupita masikioni. Nilijaribu. Nilisikia ngurumo moja tu kubwa, na jino langu la nyuma likauma hadi Jumapili. Yeye alisikia habari nzima. "Huyu wa kushoto ana kamchanga," anasema. Unafungua, unakuta kamchanga.

Misemo yake kuhusu mafuta ilikuwa mingi, na kila mmoja aliusema kama anakugombeza. Nilioupenda zaidi ni ule wa mawifi. "Chuma na chuma ni mawifi," alisema. "Usiwaweke chumba kimoja bila mtu wa katikati. Grisi ndiye mtu wa katikati. Hapendwi na huyu, hapendwi na yule, wote wanamkanyaga, lakini siku akiondoka utaona nywele zinavyong'olewa."

Nilipoanza fizikia, mwalimu wa jioni alituchorea ubaoni chuma laini jinsi kinavyokuwa ukikikuza: vilima na mabonde, vilima na mabonde. Nilirudi mbio kumweleza Bibi. Alizima injini anisikilize, jambo ambalo hakulifanya hata kwa diwani.

"Rudia," akasema.

Nikamwambia, "Bibi, shafti hii inayozungusha kinu, unayoiona inang'aa, kama ungekuwa mdogo kuliko sisimizi, ungeona ni milima ya Upare. Kuna kilele chake cha Shengena, kuna mabonde yake. Sasa chukua Upare mmoja, chukua na wa pili, uugeuze kichwa chini, uuweke juu ya mwenzake, halafu uvute."

Akaiinamia shafti akaitazama. Kisha akasema polepole, "Vilele vitang'oana."

"Vitang'oana, na vumbi la vile vilele litakwangua vingine, na vyote vitapata moto. Lakini ukijaza mafuta katikati..."

"Yanaingia mabondeni kama ukungu," akadakia, "yakijaa yanaubeba mlima wa juu. Haugusi wa chini. Unaelea." Akapiga paja. "Nilijua yanabeba. Sikujua yanabeba milima! Mwambie mwalimu wako Bibi amemsalimu."

Tangu siku ile kila mwenda kusaga alielezwa habari za Shengena iliyomo kwenye shafti. Alimweleza hadi askari wa usalama barabarani aliyekuja kusagisha dona.

Lakini sijakuambia bado kwa nini mwanamke mzima aiangalie mashine vile, kama mtoto mchanga mwenye homa. Mimi na wenzangu tulikuwa tunajua, na ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyelicheka lile kopo.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe tupate nauli ya kwenda kumshtaki kuku. Ni uongo. Tunaweza kuuza mbuzi tu. Ila ni kweli kwamba mapatano kwetu hayana mchezo. Mumewe Bibi alipofariki, mtoto wao wa pekee, mwanamume mwenye kazi yake ya ofisi Dar es Salaam, alibaki baada ya matanga akamwambia mama yake, mbele ya watu, "Mama, mashine imezeeka na wewe umezeeka. Twende kwangu. Utapumzika."

Bibi akasema, "Nitapumzika nifanye nini?"

Wakavutana. Mwisho wakaafikiana hivi, mbele ya mchungaji na balozi wa nyumba kumi, kukiwa na sufuria ya makande katikati: mashine ikiwa inasaga, Bibi anakaa kwake. Siku mashine itakaposhindwa kusaga, Bibi anapanda basi. Hakuna kilichoandikwa. Kilichoandikwa hupotea. Kilichosemwa mbele ya mchungaji na balozi hakipotei, kwa sababu kila mmoja wao atamkumbusha mwenzake.

Basi ndipo utaelewa. Kila alipominya ile pampu asubuhi, alikuwa anajiminyia siku moja zaidi ya kulala kwenye kitanda chake, kusikia mlango wake ukilia, kuiona milima yake alfajiri ikivuliwa ukungu. Nasi tulilijua hilo. Bila Bibi, kina mama wa juu wangekuwa wanasaga wapi? Na nani angetutukana kwa haki namna ile?

Ukaja mwaka mmoja wa mavuno mazuri. Mazuri kiasi gani? Mahindi yalikuwa mengi hadi panya walinenepa wakashindwa kuingia mashimoni. Ikakaribia Jumapili ya mavuno, ile ya kila mtu kupeleka kanisani malimbuko yake. Wiki hiyo hiyo Bibi akasema anakwenda Gonja, kumsalimia dada yake. Funguo akamwachia Nakijwa. Maagizo yalikuwa mafupi:

"Futa. Minya kidogo. Futa. Usiongeze akili zako."

Akaondoka. Alipoondoka tu, Nakijwa akaingia bandani akatoka amekamata kichwa.

"Jamani! Kopo halipo!"

Tukaingia wote. Msumari ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa ameondoka na mafuta ya kiboko.

Nikuambie ukweli, baridi iliniingia. Mashine itaishi vipi wiki nzima bila dawa yake? Na ikishindwa, mapatano ni mapatano, Bibi anapanda basi. Nakijwa akakusanya kina mama. Wakasema, tukose kiboko, tukose na mioyo? Jumapili wakitoka kanisani, badala ya kwenda nyumbani walikuja bandani na malimbuko ya pili, ya mashine. Huyu ana mafuta ya alizeti, yule samli ya nyumbani, mwingine mafuta ya mgando anayompaka mtoto tangu azaliwe. Mama mmoja wa Kiislamu wa pale sokoni alisikia, akaja na mafuta ya nazi, akasema, "Mashine hii imenisagia futari miaka yote, nami nisiilete sadaka?" Ziliimbwa nyimbo. Grisi iliminywa mpaka pampu ikakoroma. Samli ilifuatia. Mkanda, maskini mkanda, ambao kwa miaka haukuwahi kuonjeshwa kitu, ulionewa huruma, ukapakwa alizeti pande zote mbili kama bibi harusi.

Jumatatu tukawasha. Injini ikaunguruma vizuri kabisa. Mkanda ukateleza juu ya gurudumu, unazunguka na kuzunguka, na kinu kimetulia tuli kama mgeni aliyekataa chai. Nakijwa akausukuma mkanda kwa ubao ushike. Ukashika kidogo, kinu kikazunguka, na baada ya muda si mrefu beringi zikaanza kutoa moshi wenye harufu ya maandazi.

Tukazima. Kina mama wakatazamana, mmoja akaanza kulia.

Nakijwa naye alilia, ila alilia kwenye simu, na ile sauti yake unaijua. Habari ilifika Dar es Salaam, sijui kwa simu au moja kwa moja. Kesho yake jioni mwanawe Bibi akashuka kwenye basi, shati limenyooshwa, uso wa huzuni na wa ushindi kwa pamoja. Alikuwa mtu mwema. Alimtaka mama yake, basi.

Kesho yake asubuhi kesi ikasikilizwa, papo hapo bandani. Mchungaji kwenye gunia la pumba, balozi kwenye debe.

"Mashine imesimama," akasema mwana. "Kuna anayebisha?"

"Haijasimama, baba," akasema Nakijwa. "Injini inazunguka, waulize hawa."

"Dada yangu, injini haisagi. Kinu ndicho kinachosaga. Kinu kimesimama."

"Kimepumzika!"

Balozi akakohoa. "Ndugu yangu, mtu akiwa amelala, tunachimba kaburi?"

"Balozi, huyu aliyelala ametoa moshi."

Hapo pakawa pagumu. Mchungaji akasema kwa upole kwamba mwenye mashine hayupo, na si vizuri kumzika mgonjwa kabla ndugu hawajafika. Maneno hayajakauka, gari la Gonja likasimama barabarani, Bibi akateremka.

Aliteremka polepole sana. Mguu mmoja, akashika mlango, mguu wa pili. Mwanawe akakimbia kumpokea. "Nimekaa vibaya garini," Bibi akasema kabla hajaulizwa. Begani mwake palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu nikaliona kopo. Nikasema moyoni: tumepona, dawa imerudi.

Akaingia bandani. Akanusa. Akautazama mkanda, akaupitishia kidole, akakitazama kidole.

"Nani kaoka maandazi humu?"

Nakijwa akaanza kueleza, akachanganya kiboko, sadaka, samli na Jumapili, machozi yanamtoka. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Nilisubiri atukane. Sote tulijikunja tayari kupokea. Akasema tu, "Mmeleta na samli?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

Akageuka upande wa ukutani, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akasema kuna vumbi humu. Halafu akaanza kutuamrisha, na mambo yakarudi kawaida.

Mkanda tuliuvua, tukausugua kwa maji ya moto, sabuni na majivu, tukausuuza, tukauanika juani mpaka ukawa mkavu unaokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Beringi alizifungua mwenyewe. Zilikuwa zimeshindiliwa kama gunia la magendo. "Hizi hazikuwa na njaa," alimwambia Nakijwa, akizichokonoa kwa kidole. "Zimevimbiwa. Grisi ikijaa pomoni, beringi inahangaika kuikoroga badala ya kuzunguka, kwa hiyo inapata moto. Na mafuta ya kupikia yanaipeleka nje ile grisi yenyewe, halafu yanaungua. Mtu wa katikati anatosha mmoja. Nyinyi mmewaletea mawifi ukoo mzima." Akaziosha kwa mafuta ya taa, akazifuta, akaweka grisi mpya inayotosha kiganja cha mtoto, akaacha nafasi. "Napo papumue."

Mwanawe alisimama pale muda wote, mikono nyuma, kama hakimu. Mkanda ukarudishwa. Injini ikawashwa. Bibi akauma kijiti, akafumba macho. Tulimtazama mdomoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Akakitoa kijiti. "Leteni mahindi."

Kina mama walipiga vigelegele ambavyo naapa vilipasua vioo vya mabasi yaliyokuwa yakipita barabara kuu. Mwanawe alikuwa ameshindwa kesi, na akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alivua saa, akakunja mikono ya shati lake, akamwuliza mama yake, "Inaminywa vipi hiyo?"

"Futa kwanza," akasema Bibi.

Akafuta.

"Futa kama mtu uliyezaliwa na mimi."

Akafuta tena.

Hiyo ni habari ya zamani kidogo sasa. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa mwendo wangu wa konokono mwenye mizigo, nikapata kazi ya kusimamia pampu ya maji ya umwagiliaji huku tambarare, na pampu yangu haijawahi kulia, maana nafuta, naminya kidogo, nafuta. Vijana ninaofanya nao kazi wanaijua milima ya Upare iliyomo kwenye shafti kuliko wanavyoijua ile halisi. Na nimewaeleza habari za kiboko pia, nisingewanyima.

Juzi juzi, baada ya mvua za vuli, nilipanda kwenda kumwona. Nilimchukulia grisi, nzuri, ya kwenye kopo lenye lakiri, zawadi ya mtu mwenye ajira. Mashine niliisikia tangu mbali, ile ngurumo yake ya kushiba. Aliyekuwa anasaga ni mwanawe, amestaafu, amerudi, amevaa lile koti la bluu na kope zake nyeupe tupu.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Simama mbali na mkanda."

Bibi alikuwa nje, kwenye benchi lililogusana na ukuta wa banda, mgongo ameuegemeza ukutani ili mtikisiko uingie mwilini. Masikio yamepungua sana. Fimbo mbili zimelala kando yake. Nikamwamkia kwa sauti ya Nakijwa, akanitambua, akashika grisi yangu akaipima kwa mkono.

"Nzuri," akasema. "Sasa gunia litajua?" Akacheka mpaka akakohoa.

Tukakaa. Ghafla akainua kiganja, akakigandamiza ukutani, akaita, "We! Wa kulia!" Ndani, mashine ikapunguzwa, mwanawe akachukua kitambaa na pampu, akafuta, akaminya. "Basi! Imetosha!" Bibi akamkemea. Mwana akatoka, akanikonyeza, akaingia ndani ya nyumba, mlango ukalia kama zamani. Akarudi na lile kopo. Lile lile, na kamba yake ya katani.

Akalifungua mbele yangu. Nikasimama nusu, nilivyozoea kuliogopa. Bibi akakunja khanga hadi magotini, na magoti yale yalikuwa yamevimba kama viazi vikuu. Akachota kwa vidole viwili, akaanza kujipaka, anazungusha taratibu, macho amefumba, kama vile anasikiliza kwa kijiti.

"Bibi," nikasema, "unajipaka ya mashine?"

Mwanawe akacheka. "Hata mimi nimeambiwa juzi tu, niliporudi kuishi. Ile safari ya Gonja kwa dada yake, kumbe ni hospitali."

"Tuliapizana mashine," Bibi akasema, bado anajisugua goti. "Mbele ya mchungaji na balozi. Magoti nani aliyataja? Ungejua nayabeba hivi, ungengoja mashine ishindwe?"

"Nisingengoja," mwana akakiri.

"Sasa je? Watu wakitaka kusema ni ya mashine, waseme."

Mimi bado nilikuwa nimesimama nusu, na swali moja tu limebaki, zito kama gunia la dona.

"Na kiboko, Bibi?"

Akafungua macho, akanitazama juu hadi chini.

"Kiboko yupo Jipe, anakula majani. Haya ni mafuta ya mkia wa kondoo, ananiletea mama mmoja wa Kimaasai siku za gulio. Ya magoti. Mashine inapigwa grisi ya dukani, kidogo, kila asubuhi, kabla haijalia."